Matembezi ya Siku ya Jamhuri: Vilima vya Ngong na Nyumba ya Mbogani

Watu wengi wakaao Nairobi huviona vilima vya Ngong karibu kila siku, wala hawajapata kuvikanyaga. Mtu akitoka kazini jioni na kutazama upande wa kusini-magharibi, hapo ndipo vilipo, vimelala kama ngumi ya mtu aliyeweka mkono wake juu ya meza, vifundo vikielekea juu. Jua huchwa nyuma yake, naye mtu hupanda gari akaenda zake nyumbani. Sikukuu ikifika, wenye fedha huenda pwani au Naivasha, na wasio na fedha hukaa mitaani wakisikiliza redio. Walakini mwendo wa saa moja hivi kutoka mjini, kwa nauli isiyomshinda karani wa daraja la chini, pana mahali pawili pa kutosha kuijaza siku nzima: vilima vyenyewe, na nyumba ya kale iliyo chini yake, ambayo habari zake zimesomwa duniani kote na ambayo Wakenya wengi hawajaiingia.

Siku ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, karani mmoja wa Nairobi aliwachukua mkewe, watoto wake wawili na baba yake mzazi kwenda kupatembelea mahali hapo. Mzee huyo ni mkulima wa kahawa katika Kiambu, mtu wa miaka sabini na kitu. Haikuwa rahisi kumtoa nyumbani, maana Desemba ni mwezi wa kuchuma, na kahawa mbivu haingoji. Karani alipompigia simu, Mzee alijibu kwa ufupi, “Kahawa haijui Jamhuri.” Ndipo wajukuu walipopewa simu wamwite wenyewe, “Guka, njoo,” naye akakubali, kwa sharti kwamba atarudishwa nyumbani kabla ya giza.

Karani naye alikuwa na neno moyoni. Tangu Agosti mtu mmoja mwenye biashara ya ardhi alikuwa amemjia ofisini mara tatu, akilitaka shamba la mzee, ekari tatu, alikate liwe ploti za kujengea nyumba. Majirani wawili walikuwa wamekwisha kuuza. Neno la namna hiyo halisemeki kwa simu, wala halisemwi nyumbani mbele ya majirani. Karani alifikiri kwamba mlimani, penye upepo na nafasi, huenda likasemeka.

Njia ya kwenda Ngong ni lami tupu. Hupita Dagoretti Corner, ikakata kando ya msitu na uwanja wa mbio za farasi, ikaingia Karen, mtaa wa miti mikubwa na ua ndefu, kisha ikapanda hadi mji wa Ngong wenyewe. Mji huo una soko kubwa, kelele nyingi na nyama choma ya kusifiwa. Hauna haja ya maelezo zaidi. Msafiri mwenye busara hununua maji na ndizi hapo, akaendelea. Juu ya mji kuna lango la watunzaji wa msitu, ambako mgeni hulipa ada yake. Ni vizuri kutembea na wenzi, na wengi huomba askari wa msitu awafuate, kwa kuwa mgongo wa vilima ni mrefu na nyati hawajaisha kabisa.

Kitu cha kwanza kumshangaza mgeni siku hizi si mlima, bali ni mitambo ya upepo. Miwili ya kwanza iliwekwa mwaka 1993. Tangu 2009 kampuni ya umeme ya KenGen imeongeza mingine mingi, na yote pamoja yaweza kutoa megawati 25.5. Kwa mbali huonekana kama vijiti vyeupe. Mtu akisimama chini ya mmoja wao husikia mabawa yakipasua hewa kwa mvumo mzito, moja baada ya jingine, kama pumzi ya mnyama mkubwa aliyelala. Watoto walikimbia kukishika kivuli cha bawa kila kilipopita juu ya nyasi. Mzee aliutazama mtambo kwa muda mrefu, kisha akauliza kama upepo huo hulipwa.

“Hapana, Baba,” akajibu karani. “Upepo ni wa bure.”

“Basi ndiyo biashara,” akasema Mzee.

Kutoka hapo njia hufuata mgongo wa vilima, ikipanda na kushuka kutoka kilele hata kilele. Kile kirefu kuliko vyote hufikia futi 8,000 na zaidi kidogo juu ya bahari. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kutembea mgongo wote hadi Kona Baridi kwa muda wa saa nne au tano. Walio na wazee na watoto hawana haja ya kujitesa hivyo. Kilele cha pili chatosha, maana ajabu ya Ngong si urefu wake, bali ni kwamba mtu husimama juu ya ukuta mwembamba unaotenga nchi mbili.

Upande wa mashariki nchi ni ya kijani. Chini kabisa ni miti ya Karen, nyuma yake majumba marefu ya Nairobi yenye rangi ya moshi, na kulia mbuga za Athi zinazokwenda hata macho yakachoka. Mtu akigeuka upande wa magharibi, ardhi huporomoka mbele ya miguu yake. Hilo ndilo Bonde la Ufa. Kule chini nchi ni ya rangi ya ngozi ya simba, ina miti michache yenye miiba na vijia vya ng'ombe vilivyochorwa kama nyuzi. Mlima Suswa u kule, Olorgesailie uko upande wa kusini, na mbali zaidi joto hutetemeka juu ya nchi ya Magadi. Siku ambazo anga ni safi kabisa, mlima Kenya huonekana kaskazini na Kilimanjaro kusini. Siku hiyo Kilimanjaro ulijificha, lakini mlima Kenya ulionekana kwa muda wa dakika kumi hivi, kama jino moja jeupe, na Mzee akavua kofia yake bila kusema neno.

Sababu ya tofauti ya nchi hizo mbili ni upepo. Upepo wa mvua hutoka mashariki, baharini. Ukifika kwenye miinuko hulazimika kupanda, nao ukipanda hupoa na kuiangusha mvua yake. Ukivuka na kushuka bondeni huwa umekwisha kukauka, tena hupata joto, basi walio ng'ambo hupewa mabaki. Ndiyo maana tangu zamani upande mmoja umelimwa na upande mwingine umechungwa. Jina lenyewe la Ngong ni la Kimasai; husemwa kwamba latokana na maneno yenye maana ya chemchemi ya kifaru. Vifaru hawapo tena vilimani. Wamasai wapo, na asubuhi hiyo kijana mmoja alipitisha mbuzi wake katikati ya watalii bila kuwatazama, kama mtu apitaye uani kwake.

Familia ilikaa juu ya nyasi ikala ndizi na chapati. Mzee hakuacha kutazama mashariki. Alikuwa akitafuta kitu, na hatimaye aliuliza, “Hiyo miti yote kule chini, palikuwa na nini hapo zamani?”

“Kahawa, Baba,” akajibu mwanawe. “Shamba moja kubwa la Wazungu. Nyumba ya wenyewe ingali imesimama. Tutakwenda kuiona.”

“Sioni mbuni hata mmoja.”

“Yote ilikwisha zamani.”

Mzee akanyamaza. Hapo ndipo karani alipodhani kwamba saa yake imefika, akafungua kinywa. Lakini mtoto mdogo alikuwa ameketi juu ya siafu, na neno likakatizwa kwa mayowe.

Wakishuka, mkewe karani aliuliza habari za kaburi ambalo watu hulisema, lililo kwenye mteremko wa mashariki wa vilima hivyo. Ni la Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji na rubani, ambaye ndege yake ndogo ilianguka Voi tarehe 14 Mei 1931, mara tu baada ya kuruka, akafa pamoja na mtumishi wake Mwafrika. Rafiki yake, bibi wa ile nyumba iliyo chini, ndiye aliyemzika huko, mahali walipokuwa wamepachagua pamoja kwa ajili ya kutazama nchi. Baadaye ndugu yake marehemu alimjengea mnara wa mawe. Bibi huyo aliandika kwamba baada ya yeye kuondoka aliletewa habari kwamba simba dume na jike walionekana mara nyingi wakilala juu ya kaburi lile. Watalii hupenda sana habari hiyo. Yule aliyekufa pamoja naye hana simba.

Kutoka Ngong hadi nyumbani kwa bibi huyo si mbali. Mtu hurudi kwa njia ileile hadi Karen, kisha huingia barabara yenye miti pande zote mbili. Nyumba i katikati ya bustani pana ya majani yaliyokatwa vizuri. Ni nyumba ya chini, si ghorofa, yenye kuta za mawe ya kijivu, paa la vigae na baraza pana. Mtu aliyezoea kusikia neno “kasri” atasikitika. Lakini akizunguka nyuma na kukaa barazani, ataona kwa nini ilijengwa hapo: vilima vya Ngong vyote vimesimama mbele yake, kutoka mwanzo hata mwisho, kama picha iliyotundikwa ukutani.

Ilijengwa mwaka 1912 na mhandisi wa Sweden, Åke Sjögren, ikaitwa Mbogani. Waliokuja kuipa sifa ni Bror Blixen, naye pia wa Sweden, na mkewe Karen wa Denmark, ambao walifunga ndoa Mombasa tarehe 14 Januari 1914 na kuingia katika nyumba hii mwaka 1917. Fedha za shamba zilitoka kwa jamaa za mke huko Denmark, waliofanya kampuni iitwayo Karen Coffee Company. Watu hubishana hata leo kama mtaa wa Karen umepewa jina la bibi huyo, ama jina la kampuni, ambayo mwenyekiti wake, Aage Westenholz, mjomba wake bibi, alikuwa na binti aliyeitwa Karen vilevile. Mwaka 1921 mume aliondoka, na mke akabaki kulisimamia shamba peke yake kwa miaka kumi.

Mwongozi wa makumbusho siku hiyo alikuwa msichana mwenye sauti ya upole, aliyejua habari zake vizuri. Aliwapitisha chumba hata chumba: sebule yenye mbao ukutani na ngozi za simba na chui sakafuni, kabati la vitabu, chumba cha kulia, chumba cha kulala chenye kitanda chembamba, bafu la bati. Vyombo vingine ni vilevile vya bibi, ambavyo alipoondoka alimwuzia Lady McMillan, kisha makumbusho yakavipata tena. Vingine viliwekwa ili kujaza nafasi, baada ya filamu ya habari zake kupigwa mwaka 1985. Si rahisi kwa mgeni kutenganisha hivi na vile, na ingefaa sana kila chombo kiandikwe asili yake.

Mzee alipita vyumba hivyo kwa heshima, mikono nyuma, kama mtu apitaye kanisani kwa watu wa dhehebu jingine. Hakuuliza neno mpaka walipotoka nje kwenda jikoni. Jiko limejengwa mbali na nyumba kubwa, kama desturi ya wakati ule, na hapo ndipo alipofanya kazi Kamante Gatura. Alikuja kwa bibi akiwa mtoto mwenye vidonda vibaya miguuni. Bibi alijaribu kumtibu, ikashindikana, akampeleka hospitali ya misheni ya Waskoti huko Kikuyu, akapona. Baadaye akawa mpishi hodari, hata Prince of Wales, mwana wa mfalme wa Uingereza, alipokula nyumbani hapo mwaka 1928, upishi ulikuwa wake. Jikoni hapo ndipo wageni wa Kikenya hukaa muda mrefu zaidi.

“Binti yangu,” akasema Mzee, “mambo ya vitanda nimeyaona. Sasa niambie habari za kahawa.”

Msichana akacheka. “Mzee ni mkulima?”

“Ni mkulima. Ekari ngapi?”

Akamwambia. Shamba lote lilikuwa ekari 6,000 hivi. Za kahawa zilikuwa 600. Nyingine 1,000 hivi zilikuwa mashamba madogo ya Waafrika walioitwa skwota, walioruhusiwa kukaa na kulima kwa sharti la kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kila mwaka, kwa ujira mdogo. Iliyobaki ilikuwa majani na msitu.

“Na mibuni ilizaa?”

Hapo ndipo penye kiini cha habari ya nyumba hiyo, ingawa watalii wengi hupita upesi ili wafike kwenye habari za mapenzi. Mibuni haikuzaa vya kutosha. Bibi mwenyewe aliandika sababu waziwazi katika kitabu chake, Out of Africa, kilichotoka mwaka 1937: shamba lilikuwa juu mno kwa kahawa, yapata futi 6,000. Miezi ya baridi sakitu ilianguka sehemu za bondeni, na asubuhi machipukizi na buni changa zilikutwa zimekauka kama zilizobabuliwa na moto. Upepo wa mbugani uliwapiga. Mvua nayo haikutosha. Hata mwaka mwema hawakupata kwa ekari mavuno waliyopata wenzao wa Thika na Kiambu, ambako nchi iko chini zaidi.

“Kiambu!” akasema Mzee, akamgeukia mwanawe. “Umesikia?”

“Nimesikia, Baba.”

Msichana akaendelea. Baada ya vita vikuu vya kwanza walijaribu kitani, bei yake ikaanguka. Mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kiliungua moto. Kisha bei ya kahawa duniani ikashuka, na waliotoa fedha huko Denmark wakachoka kungoja. Shamba likauzwa, na mwaka 1931 bibi akarudi kwao. Hakuja tena Afrika mpaka alipofariki mwaka 1962. Alinunua mfanyaji biashara ya ardhi wa Nairobi. Huyo hakutaka kahawa hata kidogo. Aliikata ardhi vipande vya ekari ishirini ishirini, akawauzia watu wa kujenga nyumba.

Mkewe karani alimtazama mumewe. Karani akatazama viatu vyake.

“Na wale skwota?” akauliza Mzee.

Sheria haikuwajua. Ardhi ikiuzwa, nao hawakuwa na haki juu yake, ingawa wazee wao walikuwa hapo kabla ya Mzungu wa kwanza kufika. Walipewa taarifa ya kuondoka. Yafaa bibi huyo apewe sifa yake hapa. Miezi yake ya mwisho alizunguka katika maofisi ya serikali, toka kwa mkubwa huyu hadi kwa yule, akiomba watu hao wasitawanywe bali wapewe mahali pamoja, na mwishowe wakapewa sehemu ya msitu wa hifadhi wa Dagoretti. Wako wasiompenda, nao wana hoja zao. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Moving the Centre cha mwaka 1993, alimlaumu kwamba upendo wake kwa Waafrika ulikuwa kama wa mtu kwa wanyama wake. Bibi mwenyewe aliandika jambo moja lisilompamba: Chifu Kinyanjui wa Gathirimu, jirani yake wa miaka mingi, alipokuwa mahututi alimwomba amchukue afie nyumbani Mbogani, asipelekwe hospitali ya misheni. Bibi alikuwa amechoka na shida, akaogopa lawama, akakataa. Chifu akafia hospitalini. Vyumba vile vyote, na kitanda kimoja hakikupatikana.

Nyumba ilikaliwa na watu mbalimbali kwa miaka thelathini. Mwaka 1964, Kenya ilipokuwa imekwisha kupata uhuru, serikali ya Denmark iliinunua ikaitoa zawadi kwa serikali ya Kenya. Chuo cha mafunzo ya lishe kikawekwa hapo, na mwaka 1986 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Kwa hiyo aendaye siku ya Jamhuri huenda kuitazama zawadi ya uhuru wake mwenyewe.

Nyuma ya bustani, chini ya miti, kuna mabaki ya mitambo ya kahawa, chuma kizito chenye kutu. Mzee aliyaendea haraka kuliko alivyokwenda mahali pengine popote siku hiyo. Aliyazunguka, akagonga bamba moja kwa konzi, akainama kutazama ndani. Kisha aliwaita wajukuu wake, akawaeleza jinsi buni zinavyomenywa, zinavyolowekwa, zinavyooshwa na kuanikwa. Nao, waliozaliwa mjini na kunywa chai, wakasikiliza.

Akawaambia jambo jingine ambalo karani mwenyewe alikuwa hajalisikia kwa ukamilifu. Babu yake karani, baba yake Mzee, alichuma kahawa katika mashamba ya Wazungu tangu utoto, wala hakuruhusiwa kupanda hata mbuni mmoja wa kwake. Hiyo ilikuwa amri ya wakati ule. Majaribio ya kahawa ya Waafrika yalianza Kisii, Embu na Meru katika miaka ya 1930, lakini Ukikuyuni watu walingoja mpaka miaka ya 1950, na ilikuwa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954 ndipo mibuni ilipoenea. Babu alipata ruhusa yake, akachimba mashimo kwa mkono wake, na Mzee, wakati huo mtoto mdogo, alibeba maji kwa kibuyu. Mibuni hiyo ingalipo. Imepogolewa mara nyingi, lakini mizizi ni ileile.

Waliketi kwenye meza ya jiwe la kusagia iliyo nyuma ya nyumba, ambapo bibi alizoea kukaa akizungumza na watu wa shamba. Vilima vilikuwa vimeanza kugeuka rangi ya samawati. Karani hakungoja tena.

“Baba, kuna mtu amenijia. Anataka shamba.”

“Najua,” akasema Mzee. “Alianza kwangu.”

Karani akaduwaa.

“Alikuja Julai. Nilimwambia nina mwana anayejua kusoma, akaulize kwake. Nilitaka kuona utanijia lini.”

Karani akajitetea kwa hesabu, kama makarani wafanyavyo. Akataja malipo ya chama cha ushirika yanayochelewa, bei ya mbolea na dawa, ada za shule. Akasema kwamba katika msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna kahawa zaidi ya tani 120,000, na kwamba mavuno ya miaka ya karibuni hayafiki nusu ya hizo; kila mtu anaondoka, nao watabaki peke yao katikati ya nyumba za kupangisha. Yote hayo ni kweli, na Mzee hakuyakana hata moja. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Huyu mama,” akasema, akionyesha nyumba kwa kidevu, “kahawa ilimshinda kwa sababu nchi ilikataa. Kwangu nchi haijakataa. Ni bei iliyokataa. Hayo ni mambo mawili, mwanangu.”

“Tumbo halitofautishi, Baba.”

Mzee akacheka, akakubali kwamba hilo nalo ni neno. Watoto wakaja kuomba soda, mazungumzo yakaishia hapo.

Walirudi kwa njia ya Dagoretti na Kikuyu, ili wasiingie mjini kwenye msongamano wa sikukuu. Penye soko la Dagoretti magari yalikuwa mengi, wakatambaa polepole kati ya majengo ya ghorofa nne na tano yaliyobanana, nguo zikining'inia kila dirisha. Mzee aliteremsha kioo akauliza kama ndiko walikoletwa wale skwota wa bibi. Karani akasema ndiko, katika nchi hiyo hiyo, ingawa mahali hasa hakupajua. Mzee akatazama nje mpaka walipopita.

Walipokaribia nyumbani, jua lilikuwa bado juu ya miti kidogo. Mzee akasema, bila kugeuza kichwa, “Ile robo ekari ya juu, karibu na barabara, penye mawe. Mbuni wa pale haujapata kujaza debe. Mwambie mtu wako aje aione, baada ya kuchuma.”

“Na nyingine, Baba?”

“Nyingine kesho ina wachumaji. Simamisha hapa, nitembee. Nataka kupitia kiwandani kabla hawajafunga.”

Akashuka, akiwa na kofia mkononi na majani ya Ngong bado yameshika kwenye suruali yake, akaifuata njia ya kiwandani.